Re: Altezza, rimu za 8.5 ofseti 30 zitaingia?

Salaam mkuu. Umeuliza kama rimu za kipenyo cha inchi 17 na upana wa inchi 8.5, ofseti 30 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwenye gari), zitakaa kwenye Toyota Altezza yenye rimu za kiwandani 17 kwa 7, ofseti 50, bila kukwaruza fenda, na tairi ni 235/45 (upana milimita 235, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo).

Mimi ninayo Altezza hapa Mtwara. Anza na hesabu ya upande wa nje. Nusu ya upana wa rimu kwa milimita, toa ofseti. Yako ya sasa: 89 toa 50, unapata 39. Hizo mpya: 108 toa 30, ni 78. Yaani rimu inatoka nje karibu sentimita 4! Upande wa shokapu hakuna shida, nafasi haipungui. Hofu ni fenda ya nyuma.

Na 235/45 inaongeza kipenyo milimita 18 juu ya 215/45 uliyonayo, hiyo achana nayo kabisa.

Mimi nilichukua 17 kwa 8, ofseti 40, tairi 225/45. Zinatoka milimita 23 tu. Kabla ya kulipa, funga rimu moja nyuma, pakia watu wanne, pita tuta taratibu. Yangu nikiwa peke yangu ilikuwa kimya. Nilipobeba familia kwenda Mikindani ndipo ikagusa, fundi akakunja ukingo wa ndani wa fenda.

Kama umeshusha springi, tuambie umeshusha kiasi gani, maana yangu ina urefu wa kiwandani.