Jipu la juu ya mfereji wa matako limerudi: kushonwa au kuachwa wazi?

Pole sana ndugu. Jipu kurudi mara ya pili, daktari kutaja sainasi ya pilonidali (kijishimo chini ya ngozi ya mfereji wa matako, mara nyingi chenye nywele ndani), halafu ukaambiwa uchague mwenyewe kidonda cha upasuaji kishonwe au kiachwe wazi, lazima kichwa kiume.

Kama sasa hivi limevimba na lina usaha, hutumbuliwa usaha utoke, basi. Upasuaji wenyewe, wa kuikata hiyo sainasi, husubiri uvimbe utulie.

Kuachwa wazi kunataka subira. Kidonda hujaa nyama kuanzia chini, wiki nyingi, pengine miezi, na bendeji zinabadilishwa muda wote huo. Nilipitia hiyo, pale hupaoni, kwa hiyo tafuta mtu usiyemwonea haya. Kushonwa katikati kabisa ya mfereji hupona haraka, ila ndiko ugonjwa hurudi zaidi, maana pana jasho, msuguano na nywele zinazojichimbia. Ningekuwa wewe ningeulizia njia ya Karydakis au Limberg: mshono unasogezwa pembeni na mfereji unapunguzwa kina. Ugonjwa haurudi kirahisi, ingawa Limberg huacha kovu kubwa na kubadilisha umbo la sehemu hiyo.

Kama una vitundu vichache tu vya sainasi kwenye ngozi, kuna kuvikata vyenyewe au kutia fenoli, yaani dawa ya kemikali. Kazini unarudi mapema, lakini huenda ukahitaji kurudia.

Muulize daktari wa upasuaji amezoea njia ipi, na wagonjwa wake wangapi ugonjwa uliwarudia. Sigara acha, inachelewesha kupona. Ukipata homa, wekundu unaosambaa au damu isiyokatika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.