Mtu wako anaonekana bapa? Zima taa zote, bakisha moja

Kuna swali moja naulizwa kila wiki na vijana wanaonitumia michoro yao, "mbona sura imepatikana lakini mtu kama kabandikwa kwenye karatasi?" Nikitazama naona mistari mizuri, macho yamekaa pahala pake, vipimo viko sawa, ila nuru inatoka kila upande, yaani haitoki popote. Penseli ya bei haitokusaidia hapo.

Mie hili limenifika bila kulitafuta. Watu wa Unguja mnalikumbuka lile giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, karibu miezi mitatu kisiwa kizima hakina umeme, wenye jenereta zinaunguruma na sie wengine tunakaa na vibatari. Nlikuwa na daftari la skuli na penseli moja tu, na kila usiku marehemu bibi anakaa mkekani anachambua mchele kwenye ungo, kibatari kiko chini kushoto kwake, basi nkawa namchora yeye kwa kuwa hakuna kingine cha kuona. Usiku mmoja nkagundua nusu ya uso wake siioni kabisa, siku zote nlikuwa naubuni tu ule upande, jicho naliweka kwa sababu najua lipo. Nkaacha. Nkaujaza kiza wote mpaka ukaungana na kiza cha ukuta nyuma yake, na bibi akatoka kwenye karatasi, pua ikasimama, shavu likapata duara lake, na mstari sijaongeza hata mmoja. Miaka mingi baadae ndo nkaja kuziona picha za mchoraji Mtaliano Caravaggio, aliefariki 1610, nkakuta nae anauacha mwili umezwe na kiza hivyo hivyo.

Kwa hiyo mwanzo kabisa, nuru moja. Halafu finya macho mpaka kope zikaribie kugusana, vitu vidogo vidogo vitapotea utabakiwa na vipande viwili, kinachopigwa na nuru na kisichopigwa, chora ule mpaka unaovitenga kwanza kabla hujagusa kope wala vifungo vya shati.

Tena usifikirie mkono, fikiria mchi. Kiwiliwili ni kinu, shingo kipande cha muwa, kichwa yai. Mchi ukiuweka dirishani kiza chake kinaingia taratibu kwa sababu ni duara, lakini taya, goti na mfupa wa pua vina pembe, pale kiza kinakatika ghafla kama kwenye boksi. Ukilainisha kila pahala kwa kidole, kama wafanyavyo wengi, mtu anakuwa kama kafinyangwa kwa sabuni.

Sasa hapa patazame vizuri. Nenda Mji Mkongwe asubuhi kama saa tatu, mtafute mzee aliekaa barazani karibu na ukuta wa chokaa, jua linampiga ubavu mmoja (muombe ruhusa, usimuibie sura yake). Ule upande wake wa kiza si kiza kimoja. Kizito kabisa hakiko ukingoni, kiko ndani kidogo, pale shavu linapogeuka kuiacha nuru, halafu ukingoni karibu na ukuta panarudi weupe hafifu, hiyo ni nuru iliogonga chokaa ikamrudia. Huo weupe mdogo ndo unaomzungusha mtu. Lakini usiukuze, hata jicho likikwambia unang'aa, linadanganywa na kiza kilichouzunguka, upande wa kiza ubaki na kiza kuliko upande wa jua siku zote. Na kanzu nyeupe ikiwa kivulini ichore kijivu bila kuogopa, msomaji wa picha atajua ni nyeupe.

Jambo jengine linaloniuma, video nyingi za kufundisha shedi (yaani kutia nuru na kiza kwenye mchoro) zinatumia ngozi nyeupe, mtoto wa hapa anaiga anakuta nduguye kawa majivu. Ngozi nyeusi inajieleza kwa mng'ao. Mtazame hamali kule Malindi ya hapa Unguja kabeba gunia na jasho linamtoka, begani pana doa jeupe kama kioo na pembeni yake tu weusi mzito, hakuna ngazi nyingi katikati. Kwa hiyo liache doa hilo karatasi tupu tangu mwanzo, ukishapaka weusi wote raba haikurudishii weupe ule.

Vifaa, penseli za 2B na 6B zinatosha (6B ndo laini na nyeusi zaidi), na makaa ukitaka kiza cha kweli. Saa sita mchana usichore mtu juani, tupo nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, jua linakaa utosini macho yanakuwa mashimo mawili.

Kimebaki kivuli cha chini. Mie nasema uvuli kwa kile kiza kilichoko mwilini mwenyewe, na kivuli kwa kile anachokiangusha sakafuni, usivichanganye. Kivuli kinafuata kinapoangukia, kikifika kwenye ngazi kinakunjika nayo. Chini ya kisigino ukingo wake ni mkali na weusi umejaa, kinavyokwenda mbali ukingo unalainika. Nakiacha mpaka mwisho, na kikishakaa tu yule mtu anakanyaga chini.