Williams haikufilisika

Ndugu, unauliza kama Williams, kampuni ya Marekani ya mashine za michezo, ilifilisika. Hapana, haikufilisika; iliacha tu kutengeneza pinboli, yaani mashine ambazo mchezaji hurusha gololi ya chuma ndani yake ili apate pointi. Harry Williams aliianzisha Chicago mwaka 1943, na ndiye aliyebuni kile kifaa kinachokatisha mchezo ukiitikisa mashine ili kuielekeza gololi. Mwaka 1981 wakatoa Defender, mchezo wa video mgumu kwelikweli, na 1988 wakanunua Bally Midway, kampuni nyingine ya mashine za michezo. Pinboli yao The Addams Family ya 1992, iliyotoka kwa jina la Bally, iliuzwa zaidi ya mashine 20,000; kwa pinboli za kielektroniki ni mauzo ya ajabu! Oktoba 1999 wakafunga kitengo cha pinboli, wakabaki na mashine za kamari zenye faida kubwa zaidi. Inaniuma hadi leo, maana Pinball 2000 yao, iliyochanganya gololi na picha za video, ilitoka mwaka huohuo.