"A" au "the"? Msikilize bibi anavyohadithia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii hapa Lamu. Ubaoni niliandika: "We have the dhow. Dhow goes to Manda in morning. We visit ruins at Takwa." Mgeni mmoja akanisahihisha kila mstari, ila sababu hakunipa. Nijuaje pa kutia "a" na pa kutia "the"?

JIBU: Marahaba. Kanuni yenyewe umeisikia tangu utotoni. Bibi akihadithia husema: "Paliondokea mzee mmoja." Akishamtaja, haendelei na "mzee mmoja", husema "yule mzee". "A" ilizaliwa na neno la kale la Kiingereza lenye maana ya "moja", na "the" ni ndugu yake "that", yaani "yule". Kwa hiyo jiulize: msomaji wangu keshajua ni jahazi lipi? Kama hajui, andika "We have a dhow." Ukishalitaja, "The dhow goes to Manda in the morning."

Kuna kipimo kingine nikipendacho zaidi. "Nimeona jahazi" na "nimeliona jahazi" si mamoja. Hiyo "li" mara nyingi huonyesha kwamba mimi na wewe twalijua jahazi lenyewe, na hapo Kiingereza hutaka "the". Ila kipimo hiki usikitumie kwa watu wala wanyama, maana "nimemwona punda" twasema hata kwa punda tusiyemjua.

Magofu ya Takwa hujayataja kabla, lakini maneno "at Takwa" yameshayatambulisha. Ndiyo maana ni "the ruins at Takwa".

Sasa mpangilio. Sisi twaanza na nomino: "ngome kongwe". Kiingereza huweka "a" au "the" mbele, kisha sifa, kisha nomino. Na "an", yaani "a" inapotangulia sauti ya irabu, haiangalii nomino, huangalia sauti ya neno linaloifuata papo hapo. Ngome yetu pale mjini, iliyomalizwa mwaka 1821, ni "a fort", lakini ukitia sifa inakuwa "an old fort". Nasema sauti, si herufi: "an hour", kwa kuwa "h" haitamkwi, na "a university", kwa kuwa twasikia "yu".

Majina ya mahali kama Lamu, Manda na Shela hayataki chochote. Bahari na mafunguvisiwa hutaka "the": "the Indian Ocean", "the Lamu Archipelago".

Kosa ninalolikuta sana kwenye madaftari ya waongoza watalii ni nomino ya kitu kimoja kinachohesabika kuachwa uchi, kama ile "Dhow goes" yako. Ivishe "a", "the", "my" au "this". Ila ukitaja njia ya kusafiri iache hivyo hivyo: "We go by dhow." Hapo huzungumzii chombo fulani, wazungumzia namna ya kwenda. Mgeni akishapanda, yuko "on the dhow".