Nimeokoka lakini moyo hautulii: je, imani yangu ina kasoro?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mfanyabiashara wa viazi hapa Uyole, Mbeya. Nilidhani nikipata kiwanja nitatulia; nikapata. Nikasema labda nikijenga, nikajenga. Sasa nina shamba la parachichi kule Rungwe, na bado saa nane za usiku niko macho, naangalia bei za Dar na status za wenzangu. Nimekesha kwenye maombi mara nyingi. Mtumishi mmoja ameniambia ni laana ya ukoo, nipeleke sadaka ya kuifungua. Je, imani yangu ni ndogo? Na huku kuridhika mnakotuhubiria, si ndiko kunakotubakiza kwenye umaskini?

JIBU: Asifiwe sana, ndugu yangu.

Nianze na sadaka hiyo: usiipeleke. Kristo alitukomboa kwa kufanywa laana kwa ajili yetu (Wagalatia 3:13), na kazi hiyo hakuacha kiporo cha mtu kumalizia kwa bahasha. Simoni wa Samaria alipotaka kununua karama ya Mungu, Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20). Anayekuuzia amani anauza kisicho chake.

Ama kuhusu imani yako, kukosa utulivu si ushahidi kwamba Mungu amekuacha. Eliya alikuwa ametoka kuona moto ukishuka Karmeli, na haikupita muda akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, akaomba afe (1 Wafalme 19). Tazama Mungu alivyomtendea. Hakumkemea. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, na kichwani pake pakawa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili ale, kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mazungumzo yalikuja baadaye, kule mlima Horebu, Mungu aliposema naye kwa sauti ndogo. Sisi wahubiri mistari hiyo tunaipita mbio tukiiwahi ile sauti ndogo ya utulivu, na hivyo tunawanyima watu waliochoka habari njema iliyomo.

Lakini kiwanja, nyumba na shamba mbona havikukutuliza? Augustino, Mwafrika wa Tagaste, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliipitia njia hiyo kabla yako. Alitafuta raha katika mapenzi, katika elimu, katika cheo cha ualimu kule Milano, hadi mwaka 386 alipojisalimisha kwa Kristo. Baadaye aliungama mbele za Mungu kwamba ametuumba kwa ajili yake, na moyo wetu hautulii mpaka utulie kwake. Kwa hiyo shamba lako si dhambi. Umelikabidhi tu kazi ambayo parachichi haliwezi kuifanya.

Sasa sikiliza Yesu anavyosema: "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Wengi huishia hapo. Yeye anaendelea: "Jitieni nira yangu, mjifunze kwangu" (Mathayo 11:28-29). Anayeahidi pumziko anakuja na nira! Aliyewahi kulima na maksai, kama wafanyavyo wengi kule Mbozi, ataelewa upesi. Ng'ombe mchanga hafungwi na mchanga mwenzake. Anafungwa pamoja na mzoefu, na mwanzoni huyo mzoefu ndiye anayevuta hasa na kuushika mstari; mchanga anajifunza mwendo. Akitaka kukimbia, nira inamuumiza shingo. Akitembea sambamba na mwenzake, jembe linakwenda. Kazi ipo, ila hayuko peke yake na si yeye anayeongoza. Hilo ndilo pumziko la Mkristo, na linapatikana hata katikati ya msimu.

Kuridhika, basi, si uvivu. Paulo aliyesema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo (Wafilipi 4:11) alikuwa kifungoni alipoyaandika hayo, na ndiye aliyeshona mahema kwa mikono yake na kuagiza kwamba asiyetaka kufanya kazi, asile. Angalia pia kwamba alijifunza; hakuzaliwa nako, wala hakukupata kwenye mkesha mmoja. Na anayelitumia neno kuridhika kumnyamazisha kibarua anayedai ujira wake, Yakobo 5:4, inayosema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, inamngoja.

Hapo nina swali kwako, na ninaliuliza kwa upendo. Viazi unavyonunua shambani unavipimaje? Kama ni lumbesa, mkulima anajaza kilemba juu ya gunia na kulipwa gunia moja, basi huenda sehemu ya usingizi wako imebaki kule shambani kwake. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Sisemi hilo ndilo linalokuamsha. Wewe na Mungu mnajua. Likiwa lipo, kulirekebisha kutakusaidia kuliko kukesha tena.

Anza na siku moja. Jumamosi jioni mpe mkeo simu, au mtu yeyote nyumbani, akurudishie Jumatatu alfajiri. Israeli waliamriwa kupumzika, wao na watumwa wao na hata punda wao, wakikumbuka kwamba walikuwa watumwa Misri (Kumbukumbu la Torati 5:14-15). Mtumwa hana siku yake. Wewe umewekwa huru, na bei za Dar zitakuwepo Jumatatu.

Usingizi ukiendelea kukatika kwa majuma, moyo ukienda mbio bila sababu, chakula kikikataa, nenda hospitali ukamweleze daktari yote, bila aibu. Luka alikuwa tabibu, Paulo alimwita mpendwa, na mtume huyo huyo aliyehubiri uponyaji alisafiri naye.