Maswali ya Wasomaji: Roho "ikatulia" ama ilikuwa inapapatika?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mama, msomaji wenu wa huku Likoni. Juzi kwenye ushirika wa nyumbani tulisoma Mwanzo 1:2, "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji", kijana mmoja akasema kwa Kiebrania hapo hakuna kutulia, neno lenyewe ni la ndege anayepiga mabawa. Mwengine akasema huo ni upepo tu. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Nani yuko sawa, na je Biblia yetu imekosea?

JIBU: Marahaba mama. Huyo kijana amesema kweli na nimefurahi sana kuskia mnabishana neno hili manake mi nalipenda kupita kiasi. Neno ni merahefeti, linatokana na kitenzi rahafu, na katika Agano la Kale lote kitenzi hicho kinatokea mara 3 peke yake. Moja ni hapo Mwanzo. Nyengine ni Yeremia 23:9, mifupa ya nabii inatetemeka. Ya tatu ndio funguo, Kumbukumbu la Torati 32:11, Musa anaimba juu ya tai na kioto chake, na hapo Biblia yetu hiyo hiyo ya Muungano ya 1952 imesema vizuri kabisa, "kupapatika juu ya makinda yake". Yaani neno moja la Kiebrania, huku wameandika kutulia kule kupapatika, sasa wewe msomaji utajuaje kama ni ndugu?

Sitasema watafsiri wamekosea, lakini kutulia kumetupotezea kitu. Kwetu sisi kupapatika ni kuku aliyechinjwa ama samaki aliyetupwa ndani ya mashua, na labda mtu anaona haifai kulisema hilo kwa Roho wa Mungu. Lakini mwangalie njiwa akirudi kwa makinda yake pale juu ya ukuta, haanguki juu yao kama jiwe, anakaa hewani kidogo mabawa yanapiga mbio mbio, makinda wanainua midomo, karibu awaguse na hajawagusa bado. Marabi wa zamani waliona hivyo hivyo, kwenye Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, kuna Ben Zoma aliyefananisha mstari huu na njiwa anayeelea juu ya makinda yake bila kuwagusa.

Tena angalia ile -ka- ya "ikatulia", utadhani giza lilikuwepo kwanza halafu Roho ikaja ikakaa. Kiebrania hakisemi hivyo, ni kitendo kinachoendelea, ilikuwa inapapatika, wakati ule ule giza liko juu ya vilindi. Sisi tunaovuka feri kila siku na Kilindini iko pale tunajua kilindi ni nini, maji ambayo huoni chini yake. Hapo juu ndipo Roho ilipokuwa, na hata "Iwe nuru" haijatamkwa bado!

Kuhusu upepo, neno la Kiebrania lililotafsiriwa Roho hapo ni ruahi, nalo ni roho, pumzi na pia upepo, ndugu wa ruhu ya Kiarabu ambayo ndio imetupa sisi neno roho, kwa hio aliyesema upepo hakutoa kichwani mwake, wako wataalamu wanaotafsiri hivyo. Mi sikubaliani nao kwa sababu ya hicho kitenzi, kati ya hizo mara 3 hakuna pengine kinapofanywa na upepo, na upepo haupapatiki juu ya kitu kwa kukionea huruma. Wengine nao huhubiri kwamba Roho iliatamia dunia kama yai, hiyo ina mizizi kwa Wakristo wa Kisiria wa kale na ni tamu kuiskia, lakini tai wa Musa haatamii mayai, makinda yake yashatotolewa, anawafundisha kuruka.

Na mkikutana tena someni Kumbukumbu 32 kuanzia mstari wa 10, msirukie wa 11. Pale Mungu anamkuta Yakobo jangwani, na mojawapo ya maneno ya hilo jangwa ni tohu, lile lile la Mwanzo 1:2 lililotafsiriwa "ukiwa". Tohu halafu rahafu, Mwanzo juu ya maji, mwisho wa Torati juu ya watu waliopotea nyikani. Sidhani Musa aliyaweka pamoja kwa bahati. Msomee huyo kijana mistari yote miwili kwa sauti, moja baada ya nyengine, na chai iwe moto.