Joto, Moshi na Dawa za Presha

SWALI: Mama yangu ana miaka 66 na anatumia dawa za presha pamoja na insulini. Siku za joto kali, hasa hewa inapojaa moshi, hushikwa na kizunguzungu kila anapoinuka kitini, na usiku hupumua kwa shida. Tukifungua madirisha moshi unaingia. Tukiyafunga, chumba kinakuwa tanuri. Je, apunguze dawa?

JIBU: Ndugu msomaji, asipunguze dawa yoyote kabla ya kuonana na daktari, na kwa kuwa anapumua kwa shida usiku, mpelekeni kesho bila kungoja joto lipungue, kwa sababu hiyo huweza kuwa dalili ya moyo kulemewa.

Mwili ukipata joto, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hutanuka ili kulitoa nje, moyo hupiga kwa kasi zaidi, na jasho huondoka na maji na chumvi. Ikiwa mojawapo ya dawa zake ni ya kuongeza mkojo, maji humpungukia kwa njia mbili kwa wakati mmoja, presha hushuka anaposimama, na hapo ndipo kichwa humzunguka. Kisukari cha miaka mingi nacho huweza kuharibu neva zinazoongoza utoaji wa jasho, mwili ukachelewa kujipoza. Mpimeni presha akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama, mziandike namba zote mbili. Daktari atazihitaji anapoamua kuhusu dozi na kiasi cha maji ya kunywa.

Moshi huongeza mzigo juu ya mzigo. Chembe zake zisizozidi maikromita 2.5, yaani ndogo mno kuliko upana wa unywele, hufika ndani kabisa ya mapafu, na zile ndogo zaidi hupenya hadi kwenye damu, zikaongeza hatari ya kiharusi na mshtuko wa moyo. Jua kali nalo hubadili gesi zitokazo kwenye magari na viwanda kuwa ozoni, inayowasha njia za hewa, ndiyo maana joto na hewa mbaya mara nyingi huja siku moja. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha juu linachopendekeza cha chembe hizo hewani hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, wastani wa mwaka, na sehemu kubwa ya dunia bado iko mbali nacho.

Kuhusu madirisha, yafungueni nje kunapokuwa na ubaridi kuliko ndani na moshi umepungua. Mchana shusheni mapazia. Lakini chumba kikishakuwa tanuri, msimfungie humo kwa kuogopa moshi, kwani joto huweza kuua kwa saa chache: mhamishieni penye ubaridi na mumfute kwa kitambaa chenye maji. Insulini anayoitumia isiachwe dirishani, maana joto linalozidi nyuzi 30 huipunguzia nguvu, na sukari ikapanda ilhali hakukosa sindano hata moja.

Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au kuzirai, mpelekeni hospitali mara moja huku mkiendelea kumpoza njiani.